Shajara ya mradi: eksirei na redio za nyota changa katika Nebula ya Orion

Swali la mradi ni moja: nyota changa ya Orion ikitoa kiasi fulani cha eksirei, redio yake ni kiasi gani, na je, uwiano huo unalingana na ule wa nyota zilizokomaa? Data zote ziko wazi kwa umma, kwa hiyo kazi inaweza kurudiwa na yeyote mwenye kompyuta nzuri, diski kubwa na subira. Hatua zilizokwenda bila tatizo tumezifupisha. Zilizokwama tumeziachia nafasi.

Msingi ni huu. Mwaka 1993 Manuel Güdel na Arnold Benz walionyesha kuwa kwa nyota zenye korona hai (korona ni tabaka la nje la gesi ya joto kali), ukigawanya mng'ao wa eksirei (ergi kwa sekunde) kwa mng'ao wa redio (ergi kwa sekunde kwa kila hezi) unapata takriban 10^15.5. Mwaka 1994 wakaonyesha kuwa hata milipuko ya Jua inaangukia karibu na uwiano huohuo, ambao kwenye grafu ni mstari. Si jambo dogo hilo. Eksirei inatoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya kelvini, ilhali redio inatoka kwa elektroni zenye kasi kubwa zinazozunguka kwenye uga wa sumaku. Ni makundi mawili ya chembe, na bado yanakwenda pamoja, kwa sababu inaelekea mlipuko uleule wa kisumaku ndio unaorusha elektroni na kupasha gesi joto. Ila nyota changa za aina ya T Tauri zilizokwisha kupoteza sehemu kubwa ya diski zao (za gesi na vumbi zinazozizunguka) zilionekana tangu mwanzo kuwa na redio ya ziada, mara 30 hivi juu ya mstari. Tunataka kujua ni kiasi gani cha ziada hiyo ni cha nyota zenyewe, na ni kiasi gani kinatokana na namna ya kupima.

12 Januari 2025: Data

Kwa eksirei tunatumia uchunguzi wa COUP: darubini ya eksirei ya Chandra, iliyo angani, ililenga Orion mwezi Januari 2003 kwa jumla ya sekunde 838,000 ndani ya siku 13 hivi, na katalogi yake ina vyanzo 1616. Mafaili ghafi yako kwenye hifadhi ya Chandra kwa namba 3498, 3744, 4373, 4374, 4395 na 4396. Kwa redio tunatumia safu ya antena ya VLA, New Mexico, Marekani: uchunguzi wa mwaka 2012 katika masafa ya gigahezi 4.7 na 7.3 kwa pamoja, kelele ikiwa karibu mikrojansky 3 katikati ya picha (jansky ni kipimo cha nguvu ya redio inayotufikia). Katalogi yake, iliyotoka 2016, ina vyanzo 556. Katalogi zote mbili zinapakuliwa VizieR, hifadhi ya katalogi za anga mtandaoni, kwa dakika chache.

Gharama hadi hapa: diski ya nje ya terabaiti 4. Usinunue ndogo zaidi. Faili la VLA likishafanyiwa kalibresheni ndani ya CASA, programu ya kuchakata data za redio, hubeba safu tatu za data (ghafi, iliyorekebishwa na ya modeli), kwa hiyo ukubwa wake unafika karibu mara tatu ya ulichopakua.

Anayefanya kazi hii Dar es Salaam au Mombasa akitaka kuona anachokipima, nebula iko kwenye upanga wa kundinyota la Jabari (Orion), nyuzi 5 na kidogo kusini mwa ikweta ya anga. Usiku wa Januari inapita karibu kabisa na utosi.

19 Januari 2025: Umbali mmoja kwa pande zote

Ming'ao ya eksirei katika jedwali la COUP ilihesabiwa kwa umbali wa parseki 450 (parseki ni kipimo cha umbali wa nyota). Vipimo vya baadaye vimeisogeza Orion karibu, hadi parseki 400 hivi. Mng'ao unakwenda na mraba wa umbali, kwa hiyo logi ya kila mng'ao wa COUP lazima ipunguzwe 0.10. Ukihesabu redio kwa 400 na kuiacha eksirei kwenye 450, uwiano wote unapanda kwa asilimia 27 na nyota zote zinaonekana zimepungukiwa redio. Katika grafu ya logi kosa hilo halionekani kwa macho, ndiyo maana linadumu.

Kanuni ya haraka kwa parseki 400: milijansky 1 ni sawa na 1.91 × 10^17 ergi kwa sekunde kwa hezi.

2 Februari 2025: Kuoanisha katalogi

Tulianza na nusukipenyo cha sekunde 2 za tao, kwa kuwa ndicho kinachopendekezwa na programu nyingi. Hakifai hapa. Hesabu ni rahisi: vyanzo 1616 kwenye uwanja wa dakika za tao 17 kwa 17 ni wastani wa 5.6 kwa kila dakika mraba, na kwa nusukipenyo cha sekunde 2 vyanzo 556 vya redio vitapata wenza wa bahati nasibu 11 hivi. Huo ni wastani wa uwanja mzima tu. Karibu na nyota za Trapezium, katikati ya nebula, ambako vyanzo vingi vya redio viko, msongamano ni mkubwa kuliko wastani huo, na wenza wa uongo wanaongezeka kwa kiwango hichohicho. Kwa sekunde 0.5 wastani unashuka chini ya 1.

Utaratibu uliofanya kazi: oanisha kwanza kwa sekunde 1, chukua wastani wa kati wa tofauti za nafasi upande wa mashariki na wa kaskazini, sogeza katalogi ya eksirei kwa kiasi hicho, kisha oanisha upya kwa 0.5. Baada ya hapo sogeza katalogi nzima kwa sekunde 10 kuelekea upande wowote na uhesabu wenza wanaojitokeza. Hao wote ni wa bahati, na idadi yao ndiyo kipimo chako cha uchafu. Rudia kwa pande nne.

Mambo mawili ya kuangalia. Doa ambalo nyota huacha kwenye picha ya Chandra linapanuka kadiri unavyotoka katikati ya uwanja, kwa hiyo pembezoni nusukipenyo lazima kiongezwe kulingana na kosa la nafasi lililoandikwa kwa kila chanzo. Pia sekunde 0.5 kwa umbali huu ni mara 200 ya umbali wa Dunia na Jua: nyota pacha zilizo karibu kuliko hapo zimeungana, na huwezi kujua ni ipi inayotoa redio. Mwendo wa nyota kati ya 2003 na 2012 hauna shida kwa nyingi. Kitu cha Becklin-Neugebauer, nyota changa ya Orion inayokimbia takriban kilomita 26 kwa sekunde, kimesogea zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde ya tao. Kikague kwa mkono.

23 Februari 2025: Tunachoweza kuona na tusichoweza

Hatua hii ingepaswa kutangulia zote, na anayerudia kazi aanze nayo. Nyota iliyo juu ya mstari wa Güdel na Benz kabisa, yenye eksirei ya 10^30, itatoa redio ya mikrojansky 1.7 tu kwa umbali wa Orion. Kikomo cha kuona kwa kelele mara tano ni mikrojansky 15 katikati ya picha. Ili nyota ya mstarini ionekane inahitaji eksirei ya 9 × 10^30, na nyota chache sana za nebula zinafika hapo kwa wastani wao wa kawaida. Nyota yenye redio ya ziada mara 30 itatoa mikrojansky 50 na kuonekana bila shida.

Maana yake ni kwamba orodha ya nyota zilizoonekana redioni imeshachujwa na darubini kabla hatujaigusa. Ukichora grafu ya zilizoonekana tu, utapata redio ya ziada hata kama nyota zote zingekuwa mstarini na chache zimeonekana kwa sababu zilikuwa zikilipuka siku hiyo. Tangu tarehe hii kila nyota ya COUP iliyo ndani ya uwanja wa VLA ina mstari wake kwenye jedwali: kipimo kama imeonekana, kikomo cha juu kama haikuonekana. Kikomo kinahesabiwa kwa kelele ya mahali ilipo nyota, maana kelele hupanda maradufu pale mwonekano wa antena (uwezo wake wa kuona, unaopungua pembezoni) unaposhuka hadi nusu.

16 Machi 2025: Kutengeneza picha za redio upya

Katalogi inatoa wastani, na sisi tunahitaji mabadiliko ya saa kwa saa. Hivyo tumerudi kwenye data ghafi. Kalibresheni ya kawaida ya CASA inafanya kazi bila kuguswa sana. Matatizo yanaanza baadaye.

La kwanza ni nebula yenyewe. Gesi yake iliyoionishwa (iliyopokonywa elektroni) na nyota ya θ1 Orionis C inang'aa redioni kwa ukubwa ambao safu iliyotandazwa hadi kilomita 36 haiwezi kuujenga sawasawa. Picha inajaa mabonde na matuta ambamo nyota dhaifu hupotea. Suluhisho ni kuziacha jozi za antena zilizo karibu. Tumebakiza zile zenye umbali wa zaidi ya urefu wa mawimbi 100,000, yaani kilomita 5 kwa mawimbi ya sentimita 5, ili chochote kipana kuliko sekunde 2 hivi kifutike. Unapoteza sehemu ya unyeti, ila kelele halisi inashuka.

La pili lilitokana na kubana data ili diski itoshe. Kuunganisha chaneli nane za megahezi 2 kuwa moja ya 16 kunaokoa nafasi sana, na katikati ya picha hakuna kinachoharibika. Lakini dakika 4 kutoka katikati, doa likiwa la sekunde 0.35, chanzo kinavutwa kuelekea katikati kama wino uliopakwa kwa kidole na kilele chake kinashuka kwa zaidi ya theluthi. Kubana muda hadi sekunde 10 kunaongeza upotevu wa asilimia 6 hivi mahali hapohapo. Tumerudi kwenye chaneli za megahezi 2 na sekunde 3. Kagua kwa kulinganisha kilele na jumla ya kila chanzo: kama tofauti inaongezeka kadiri unavyotoka katikati, umebana kupita kiasi.

13 Aprili 2025: Mteremko wa spektra usio wa kweli

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Katika Orion si kila redio ni ya korona. Diski nyingi za nyota changa zinachomwa na mwanga wa θ1 Orionis C, gesi yao inaionika, na gesi hiyo inatoa redio ya joto isiyo na uhusiano wowote na uga wa sumaku wa nyota. Ukiichanganya na redio ya korona, unapata ziada kubwa isiyo na maana. Njia ya kwanza ya kuzitenganisha ni mteremko wa spektra, yaani jinsi nguvu inavyopanda au kushuka kadiri masafa yanavyopanda: gesi ya joto iliyo nyepesi ina -0.1, upepo wa nyota karibu +0.6, na mteremko mkali wa kushuka unaashiria elektroni za kasi.

Picha za mwanzo zilionyesha elektroni za kasi kila mahali, na kadiri ulivyotoka katikati ndivyo zilivyozidi. Nyota hazijui katikati ya picha yako iko wapi. Chanzo ni mwonekano wa antena moja moja. Upana wake kwa VLA ni takriban dakika 42 ukigawanya kwa gigahezi: dakika 8.9 kwa gigahezi 4.7, dakika 5.8 kwa 7.3. Kwa nyota iliyo dakika 3 kutoka katikati, masafa ya chini yanabakiza asilimia 73 ya nguvu, ya juu asilimia 47. Bila kusahihisha hilo, nyota yenye spektra bapa kabisa inapata mteremko wa -1.0.

Kurekebisha kwa `pbcor` (sahihisho la mwonekano wa antena ndani ya CASA) kwa kila masafa peke yake kunaondoa sehemu kubwa. Usitumie picha moja ya upana wote yenye masafa ya wastani ya gigahezi 6 kusahihisha zote mbili. Kisha lipo la ukubwa: doa la 7.3 ni dogo kuliko la 4.7, hivyo wingu lililotanda kuzunguka diski linapoteza nguvu kwenye masafa ya juu na kuonekana linashuka. Tumelazimisha jozi zilezile za antena kwa kipimo cha urefu wa wimbi, na doa lilelile la mwisho, kwa masafa yote mawili.

Hata baada ya hayo, usiamini mteremko wa chanzo dhaifu. Kati ya gigahezi 4.7 na 7.3 hakuna nafasi kubwa: chanzo chenye nguvu mara 5 ya kelele kwenye kila masafa kina kosa la mteremko la ±0.64, yaani hakitenganishi chochote. Kwa mara 20 kosa ni ±0.16, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Kwa wadhaifu tunategemea alama nyingine mbili: mabadiliko ya haraka na upolarishaji wa mviringo (mawimbi yanayozunguka zaidi upande mmoja). Gesi ya joto ya diski haiwezi kuongezeka maradufu ndani ya saa moja. Korona inaweza.

11 Mei 2025: Nyota inayolipuka katikati ya usafishaji

`tclean`, amri ya CASA ya kutengeneza na kusafisha picha, inadhani anga haibadiliki muda wote wa uchunguzi. Nyota ikipanda mara kumi kwa saa mbili kisha ikatulia, mistari inayoizunguka pichani haiwezi kusafishwa, na inayobaki inapita juu ya majirani na kuwapa mabadiliko yasiyo yao. Dalili ni nyota kadhaa zinazopanda na kushuka kwa dakika zilezile.

Utaratibu: tengeneza picha ya kila saa, tambua nyota zinazobadilika, jenga modeli ya kila moja kwa kila saa peke yake, ziondoe kwa `uvsub` (amri ya CASA ya kutoa modeli kwenye data) kwenye kipande hicho, kisha unganisha vipande vyote na usafishe mara moja kwa nyota tulivu. Inachukua kompyuta usiku mzima kwa kipindi kimoja cha uchunguzi, kwa hiyo tumia UPS: umeme ukikatika wakati CASA inaandika, jedwali zima linaweza kuharibika. Weka nakala ya faili lililokamilika kalibresheni kabla ya kugusa `uvsub`.

1 Juni 2025: Upande wa eksirei

`chandra_repro` (kuchakata data upya), kisha `specextract` (kutoa spektra), kisha modeli ya gesi ya joto nyuma ya vumbi, metali (elementi nzito kuliko heli) zikiwa 0.3 ya Jua. Hakuna jipya hapo. θ1 Orionis C tumeitoa kabisa: fotoni zake zinarundikana ndani ya fremu moja ya sekunde 3.2, kihisi kinahesabu kadhaa kama moja, na ukingo wa mwanga wake unazaa vyanzo bandia pembeni.

Vumbi ndilo linalohitaji uangalifu. Linameza eksirei laini na kuiacha redio ipite. Nyota iliyozama ndani ya wingu ikitumiwa kwa mng'ao usiosahihishwa itaonekana ina redio ya ziada kwa sababu ya vumbi tu. Lakini kusahihisha nako kuna mtego: chanzo chenye fotoni chini ya 100 kikipewa uhuru wa kuchagua joto na vumbi kwa pamoja, kinaweza kuchagua gesi baridi nyuma ya vumbi zito, na mng'ao uliosahihishwa unaruka mara kumi au zaidi. Kwa vyanzo hivyo tumefunga joto la keV 0.86 na 2.6, sawa na milioni 10 na milioni 30 za kelvini, na kuacha vumbi na ukubwa tu. Zaidi ya hapo tunabeba safu ya pili yenye mng'ao wa keV 2 hadi 8, ambao vumbi haliugusi sana. Safu mbili zikitofautiana mno, nyota haiingii kwenye hesabu ya mwisho.

29 Juni 2025: Saa mbili zisizofanana

Eksirei ya wastani ya 2003 na redio ya 2012 hazielezi nyota moja ikiwa katika hali moja. Mfano uko kwenye data zenyewe: tarehe 20 Januari 2003 nyota ya GMR-A ililipuka kwa gigahezi 86 hadi milijansky 160, Chandra ikiwa inaitazama, na eksirei yake ilikuwa imepanda mara kumi takriban siku mbili kabla. Kwa hiyo vipindi vya 2012 ambavyo Chandra na VLA zilitazama Orion kwa pamoja vinapewa uzito wa kwanza.

Ukilinganisha mikondo ya mabadiliko, oanisha saa kwanza. Chandra inahesabu kwa muda wa TT (muda wa kinajimu), VLA kwa UTC (muda wa kawaida wa dunia). Mwishoni mwa 2012 tofauti ni sekunde 67.2. Ukisahihisha muda wa Chandra hadi kitovu cha mfumo wa Jua na kuuacha wa VLA, unaongeza tofauti inayoweza kufika dakika 7 kwa upande huu wa anga, na kuchelewa kwa eksirei nyuma ya redio unakokutafuta ni kwa dakika hizohizo. Tumeacha zote mbili bila sahihisho hilo. Mapengo ya Chandra inapopita kwenye mikanda ya mnururisho nayo yaondolewe kwa muda halali wa uchunguzi, la sivyo programu ya kutafuta mabadiliko inayahesabu kama nyota iliyozimika. Kwa data za 2012 tumia faili la unyeti la tarehe hiyohiyo, maana uchafu uliojikusanya kwenye kichujio cha ACIS, kamera ya Chandra, umepunguza eksirei laini tangu 2003.

27 Julai 2025: Kurundika zisizoonekana

Nyota zisizoonekana redioni sasa zinawekwa juu ya moja na nyingine, kila moja kwa uzito wa kelele ya mahali pake. Nyota 100 katikati ya uwanja zinapaswa kushusha kelele hadi mikrojansky 0.3, na hapo nyota ya mstarini yenye mikrojansky 1.7 ingeonekana waziwazi kwenye wastani. Tunatumia wastani wa kati, ili mlipuko mmoja usibebe rundo lote.

Kinachozuia sasa ni mabaki ya nebula. Rundo la sehemu tupu karibu na Trapezium halitoi sifuri. Linatoa thamani chanya, maana nyuzi nyembamba za gesi zimepita kwenye kichujio cha jozi za antena. Kutoa thamani moja kwa uwanja wote hakutoshi. Tunajaribu kuchukua, kwa kila nyota, sehemu nane tupu kwenye duara la sekunde 3 kuizunguka na kutoa wastani wao wa kati, na wakati huohuo kupandisha kikomo cha jozi hadi urefu wa mawimbi 150,000. Nyota zilizo ndani ya dakika 1 kutoka θ1 Orionis C zimewekwa kwenye rundo lao peke yake hadi sehemu tupu zao zitoe sifuri.